Rauta Haikuwa na Kosa: Kiacheni Chombo Kipime Usiku na Mchana

Simu ilikuwa ikinijia jioni, kutoka nyumba moja ya wageni hapa Mkomani, Lamu. Maneno ni yale yale: "Fundi, mtandao umekufa tena, na nyumba imejaa wageni." Nikifika asubuhi yake nakuta kila kitu kizima. Napima kasi, nambari nzuri. Naandika kwenye daftari kwamba hakuna hitilafu, naondoka. Siku kumi na kitu zinapita kimya, kisha simu inalia tena.

Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua rauta mbili mpya. Intaneti yake huja kwa redio kupitia antena ya paani, na kebo ya antena hiyo nayo tulishaibadilisha, na haikuwa bure, maana chumvi ya bahari yetu hula vichwa vya kebo mpaka vikaota kijani. Kampuni inayomuuzia intaneti ilimjibu kwamba upande wao hakuna shida, shida ni wingi wa wageni wake. Nami nilikubali. Saa kumi jioni watu wanarudi kutoka ufuo wa Shela, kila mmoja anafungua simu, mtandao unazidiwa. Ilikuwa hadithi inayoingia akilini, na kwa sababu iliingia akilini hakuna aliyeipima.

Nililolifanya baada ya hapo ndilo ninalowasihi mafundi wenzangu walifanye mwanzo. Nilichukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nikaiwekea programu ya bure iitwayo SmokePing, nikaiacha chini ya ngazi ya nyumba ile kwa wiki tano. Kazi ya SmokePing ni nyepesi kuieleza: kila dakika 5 hutuma pakiti 20, yaani vifurushi vidogo vya data, kwenda mahali ulipoitajia, ikahesabu ngapi zimerudi na zimechukua milisekunde ngapi, halafu ikachora. Mstari ni ucheleweshaji wa kati, na zile pakiti zilizotofautiana huonekana kama moshi kuuzunguka mstari. Niliipa shabaha tatu: rauta ya mle ndani, kifaa kilichoko upande wa pili wa antena, na seva moja, kompyuta ya mtandaoni, ya mbali nje ya nchi. Ukiwa na shabaha tatu unajua ugonjwa umeanzia wapi. Ukiwa na moja unajua tu kwamba kuna ugonjwa.

Mchoro ulipokamilika, nilikaa nao muda mrefu. Rauta ya ndani ilikuwa safi mwezi mzima. Shabaha ya pili ndiyo iliyougua: pakiti zilipotea kati ya paa letu na mlingoti ulio ng'ambo ya mkondo, upande wa Manda. Zilipotea jioni, kama mwenye nyumba alivyosema. Lakini zilipotea pia karibu saa kumi usiku, wakati wageni wote wamelala, saa ambayo hakuna mtu angepiga simu kulalamika. Na kila siku shimo lile la mchoroni lilichelewa kuliko jana, karibu dakika arubaini au hamsini. Baada ya siku nne au tano linafifia, halafu linatoweka mpaka wiki mbili zipite.

Mchoro ule nilikuwa nimeuchapisha, nikawa nautazama barazani. Mzee mmoja, nahodha wa jahazi aliyekuwa amekaa karibu, aliuliza ni nini. Nikamweleza: hapa panapokatika, hapa panaporudi. Akaweka kidole kwenye shimo la kwanza, akahesabu siku. "Mwanangu," akasema, "hii si mashine. Hii ni bamvua."

Alikuwa sahihi. Bamvua ni zile siku, kila baada ya wiki mbili hivi, ambazo bahari hupanda na kupwa kuliko siku nyingine. Antena ile inatazama juu ya maji. Wimbi la redio linafika ng'ambo kwa njia mbili: moja kwa moja, na jingine likigonga uso wa bahari kwanza na kuruka. Kwa masafa ya gigahezi 5.8, urefu wa wimbi ni sentimita 5 hivi. Basi maji yakipanda mita tatu, tofauti ya njia hizo mbili inabadilika vya kutosha mawimbi hayo kukutana yakipingana, moja linapanda huku jingine linashuka, yakafutana. Wakati wa maji mafu, siku za kupanda na kupwa kidogo, bahari haifiki kimo hicho, kwa hiyo hakuna kinachokatika. Wakati wa bamvua inafika mara mbili kwa siku, jioni na kabla ya alfajiri, na kila siku inachelewa kidogo kuliko jana. Sisi tuliozaliwa kisiwani tunalijua hilo tangu utotoni, ila hatukuwahi kulihusisha na intaneti.

Tulipoishusha antena kidogo tulifurahi siku tatu. Kisha SmokePing ikatuonyesha shimo limehamia: sasa lilikuja maji yakipwa. Ndipo tukafunga antena ya pili, kwa kimo tofauti, ili maji yakiiharibia hii ile ibaki inasikia. Bila chombo kile kuendelea kupima tungejipongeza mapema.

Napenda jina la ping, ile programu ndogo inayotuma pakiti na kungoja jibu, kwa sababu ya bahari hii hii. Mmarekani Mike Muuss aliiandika Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa sonari, ile sauti inayotumwa majini ikagonga kitu na kurudi. Sisi watu wa bahari tunaielewa bila mwalimu. Lakini ping moja ya dakika moja ni sawa na kuchungulia mkondo mara moja ukasema bahari ya Lamu ina kina hiki. Kina cha saa ngapi? Mwezi mwandamo ukiwa siku ya ngapi?

Traceroute, programu inayoorodhesha rauta ambazo pakiti inazipitia njiani, nayo inasomwa vibaya kuliko chombo kingine chochote ninachokijua. Kila pakiti hubeba nambari, na kila rauta inayopita huipunguza kwa moja. Ikifika sifuri, rauta iliyoishika huitupa na kurudisha taarifa. Kwa kutuma nambari 1, kisha 2, kisha 3, unapata orodha ya rauta za njiani. Vijana wakiona nyota tatu, alama ya rauta isiyojibu, katikati ya orodha wanapiga kelele kwamba hapo ndipo palipokatika. Sivyo. Rauta nyingi zimewekwa zisijibu, au zinajibu zikipata nafasi, kwa sababu kazi yao kubwa ni kupitisha mizigo ya watu. Tazama mwisho wa safari: kama pakiti zinafika salama, nyota za katikati hazikuhusu. Kama upotevu unaanzia kituo fulani na kuendelea mpaka mwisho, hapo una jambo la kusema. Mimi natumia mtr, inayounganisha ping na traceroute na kuhesabu kwa muda mrefu.

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika pwani ya Afrika Kusini, watu mjini walikuwa wakizima na kuwasha rauta zao siku nzima. Mwenye shabaha tatu alijua ndani ya dakika chache: ndani safi, ng'ambo safi, nje kumeharibika. Akaacha vifaa vyake vipumzike.

Kuhusu Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti zinazopita mtandaoni, nitasema machache. Ni chombo kikubwa, Gerald Combs alikianzisha 1998 kikiitwa Ethereal, na kimenisaidia mara nyingi. Lakini kinakamata pakiti za watu. Hata kama yaliyomo yamefungwa kwa msimbo, majina ya tovuti mara nyingi yanaonekana. Katika nyumba ya wageni hiyo ni amana. Usikifungue bila ruhusa ya mwenye nyumba, na usikamate zaidi ya unachokitafuta.

Linaloniuma zaidi ni jinsi tunavyolipana. Fundi akipanda ngazi na boksi jipya mkononi analipwa bila swali. Akija mikono mitupu, akakaa na kompyuta, akarudi baada ya wiki tano na karatasi yenye mchoro, anaulizwa amefanya nini. Ndiyo maana mafundi wazuri wanauza boksi hata wakijua halihitajiki. Wateja, lipieni vipimo. Na kampuni zinazouza intaneti zina michoro kama hii ya kila mnara. Ziwape wateja sehemu inayowahusu. Siku mwenye nyumba yule alipowapelekea mchoro wenye tarehe na saa, ndipo kwa mara ya kwanza walipomtuma mtu paani.

Ile Raspberry Pi bado iko chini ya ngazi. Mwezi uliopita ilinionyesha pakiti zikipotea mbili tatu bila kufuata saa yoyote, na maji yalikuwa mafu. Nilipanda paani na spana. Kichwa cha kebo kilikuwa kimeanza kuota kijani.