Ushuru ukiondolewa, uondolewe kwa kalenda ya shamba

Kinachonikera si mchele wa nje. Najua Kenya inakula mchele mwingi kuliko inaolima, na mama wa mjini anataka kilo anayoweza kuimudu. Kinachonikera ni wakati. Julai 2025 ilitangazwa kwamba tani 500,000 ziingie bila ushuru hadi mwisho wa Desemba. Sasa muulize mtu yeyote wa Mwea, kwenye mashamba makubwa ya mpunga ya Kenya: mpunga mkuu unavunwa lini? Novemba, Desemba! Mkulima ameshakopa mbolea, amelipa trekta, amelipa wa kupanda na wa kufukuza ndege, halafu dalali anafika shambani na neno moja tu: "Mchele wa nje umejaa, shusha bei." Hata kabla meli haijatia nanga Mombasa!

Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mchele ni asilimia 75. Kenya hutoza 35. Sawa, tujadili hata hiyo 35. Lakini mjadala ufanyike kabla hatujapanda, ili mtu ajue kama aweke mpunga au alime nyanya. Mpunga ukishatoa masuke, haurudishwi kitaluni.