Gari la Pili Ndilo Linalotembea

Kwa miaka tisa nyumba yetu ya Bamburi, Mombasa, ilikuwa na gari moja, Toyota Noah ya petroli, na tulipoamua kuongeza la pili mwaka 2024, kila aliyetushauri alianzia mahali pamoja: gari la pili ni la kusaidia tu, kwa hivyo tafuta Vitz au Demio iliyochoka kidogo uitumie mpaka ikome yenyewe. Hakuna aliyeuliza gari hilo litakuwa likienda wapi. Jioni moja nilichukua daftari la hesabu la binti yangu nikaandika safari zetu zote za wiki: kuwapeleka watoto shule Nyali, kuvuka daraja kwenda kazini kisiwani na kurudi, soko la Kongowea, madrasa, kumpeleka mama kliniki. Siku iliyokuwa na mizunguko mingi kupita zote haikufika kilomita 50. Safari ndefu, yaani Voi kwa wakwe au Nairobi kwenye harusi na misiba, zilikuwa hazizidi sita kwa mwaka mzima. Ikawa wazi kwangu kwamba gari tuliloliita la pili ndilo litakalotembea kila siku, na lile la kwanza litakaa chini ya mwarobaini likisubiri safari ya Voi.

Ndipo nikanunua Nissan Leaf ya mwaka 2014, gari la umeme tupu, iliyokwisha kutumika Japani na kisha ikatumika tena hapa Kenya, kwa shilingi 780,000. Maoni yangu, baada ya kukaa nayo, ni kwamba gari la umeme la bei nafuu lenye betri iliyochoka ni chaguo baya kwa mwenye gari moja, na ni chaguo zuri sana kwa mwenye gari jingine la kwenda mbali, mradi awe na mahali pake pa kuliegesha na soketi yake mwenyewe. Sharti hilo la mwisho nalisema mapema kwa sababu wengi hulisikia mwisho, baada ya kulipa.

Anayenunua gari la aina hii ananunua betri, na bodi, viti, rangi na redio ni nyongeza. Leaf za mwanzo zilitoka kiwandani na betri ya kilowati-saa 24, ambazo sisi huku tunaziita yuniti kama zile za tokeni za stima. Baadaye zikaja za 30, na kizazi cha pili kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2017 kikaja na 40. Upande wa kulia wa dashibodi kuna visanduku vidogo 12 vilivyopangwa wima, na hivyo ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri. Kisanduku cha kwanza hupotea betri inapokuwa imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, kisha kila kimoja kinachofuata hupotea baada ya asilimia sita na kitu. Yangu ilikuwa na visanduku kumi. Fundi alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akafungua programu ya Leaf Spy kwenye simu yake, nayo ikatoa asilimia 74 ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya. Kwa hiyo, ukiondoa kiasi ambacho gari hujiwekea akiba, nilikuwa nanunua kama yuniti 16 za kutumia, na kwa mwendo wetu wa mjini, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa sababu bila hicho Mombasa haiendeki, zinanifikisha kilomita 90 na ushei. Mahitaji yangu ni 50. Hesabu iliishia hapo.

Lakini kabla ya kulipata hilo nilikaribia kununua jingine, na kisa chake nakieleza kwa kuwa kinafundisha kuliko matangazo yote niliyosoma. Katika yadi moja ya magari mjini nilikuta Leaf ya mwaka 2013 inayong'aa, visanduku vyote 12 vipo, na bei yake ilikuwa chini ya nilivyotarajia. "Bosi, betri ya hii ni kama mpya, aliyekuwa nayo alikuwa mama wa kwenda kanisani tu," aliniambia muuzaji. Nilimwomba tulitembeze hadi Mtwapa na kurudi, mwendo wa kama kilomita 26, akakubali huku akiangalia saa. Tuliondoka betri ikionyesha asilimia 94. Tulipofika darajani Mtwapa ilikuwa 75, na tuliporudi getini ilisoma 53, bila kiyoyozi na bila mwendo wa kasi. Kwa kasi hiyo ya kushuka, gari zima lingenipa kilomita sitini na kitu ikiwa limejazwa mpaka juu. Fundi wangu alipoambiwa alicheka tu: kompyuta ya betri ya magari hayo ya mwanzo inaweza kufutwa kumbukumbu, visanduku vikarudi vyote 12, na hata programu ya simu ikadanganyika kwa muda hadi kompyuta ijifunze upya ukweli wa betri. Kwa hiyo visanduku viangalie, programu itumie, kisha iamini zaidi barabara unayoijua urefu wake.

Swali jingine ambalo wanunuzi hawaulizi ni gari limeishi wapi. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa maji wa kuipoza, tofauti na magari mengi ya umeme ya siku hizi. Inategemea hewa inayoizunguka tu, na joto ndilo linaloizeesha haraka. Sisi wa pwani tuna sababu ya kulifikiria hili kuliko mtu wa Limuru kwenye baridi. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, kipimo cha joto la betri kwenye dashibodi yangu huwa kimepanda hata gari likiwa limelala usiku kucha, na ukiligusa sakafuni unahisi uvuguvugu. Mambo niliyojifunza ni madogo: siliegeshi juani kama naweza kupata kivuli, silichaji mara tu baada ya kufika bali nangoja usiku upoe, na siliachi likae siku nzima likiwa limejaa mia kwa mia bila kwenda popote. Baada ya mwaka mmoja na nusu nimepoteza kisanduku kimoja, sasa ninavyo tisa. Nilikitarajia, na sikulia. Anayepata chaguo kati ya gari lililokuwa Nairobi na lililokuwa Mombasa, yote yakiwa na umri mmoja, achukue la Nairobi, hata kama itambidi alisafirishe kwa lori, kwa maana kwa betri yangu safari ya kilomita 480 kwa kulichaji njiani ingekuwa adhabu.

Kuhusu gharama, nitasema kwa takwimu za nyumbani kwangu. Mwishoni mwa mwaka 2025 lita ya petroli Nairobi ilikuwa takriban shilingi 184, na hapa pwani huwa nafuu kidogo kwa sababu mafuta yanashukia hapa. Noah yetu katika msongamano wa Nyali hula lita kumi kwa kilomita 100, yaani shilingi 1,800 na kitu. Leaf kwa umbali huo huo huchukua yuniti 18 hivi kutoka ukutani, ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji, na kwa yuniti ya nyumbani inayokaribia shilingi 30 pamoja na tozo, napata shilingi 540. Tangu mwaka 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa magari, shilingi 16 kwa yuniti na nusu yake saa ambazo matumizi ni machache usiku, kabla ya tozo na kodi, lakini inataka mita yake peke yake, na kwa gari moja la kwenda Kongowea sijaona haja ya kuanza kufuatilia mita nyingine. Tena, oili ya injini hakuna, plagi hakuna, mkanda hakuna. Nimebadilisha matairi mawili ya mbele na vifutio vya kioo.

Kuchaji kwenyewe ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Nilimwita fundi wa stima akavuta waya mnene kutoka kwenye kisanduku kikuu hadi ukuta wa nje, ukiwa na swichi yake ya usalama na soketi ya pini tatu ya kuzuia mvua. Waya wa kuchajia wa ampea kumi hutoa kama kilowati mbili na nusu, kwa hivyo nikichomeka saa nne usiku, alfajiri gari limepata zaidi ya nilichotumia mchana. Kosa moja ambalo naomba watu wasilifanye ni kutumia nyaya za kuunganishia zile za sherehe, zilizozungushwa kwenye gurudumu. Jirani mmoja alijaribu na pikipiki yake ya umeme, na plastiki ikayeyuka ikashikana kama halua.

Chaja za kasi za mjini sizitegemei. Leaf kama yangu hutumia plagi ya CHAdeMO ya Kijapani, na wafungaji wengi wa chaja mpya hivi sasa wanafuata mfumo wa Ulaya au wa China, kwa hiyo kuna siku utafika kituoni ukute mkono wa chaja haulingani na tundu la gari lako. Kwa gari la kwanza hilo lingekuwa janga. Kwa gari linalolala nyumbani kila usiku halinihusu sana.

Shemeji yangu alilipinga gari hili tangu mwanzo kwa hoja ya kukatika kwa stima. "Ile siku nchi nzima ilipozimika, tarehe 25 Agosti 2023, ungekwenda wapi na hilo friji lako?" aliniuliza mbele ya watu. Hoja yake ni ya kweli kwa mwenye gari moja. Mimi ningekwenda na Noah. Na hata Leaf, kwa kuwa matumizi yangu ya siku ni kama nusu ya betri, stima zikipotea usiku mmoja asubuhi bado nina chaji ya kunipeleka kazini na kunirudisha.

Aibu iliyonipata ilitoka mahali ambapo shemeji hakupadhania. Asubuhi moja nilibonyeza kitufe cha kuwasha, taa za dashibodi zikapepesa mara mbili kisha kimya. Betri kubwa ilikuwa imejaa, lakini gari hili lina pia betri ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa kama ya Vitz, na hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta zote. Ikifa, zile yuniti 16 zilizo chini ya viti hazina kazi. "Baba Salma, leo mgonjwa amekataa kuamka?" alisema mzee wa duka la mkabala, na nikalazimika kuomba nyaya za kushtua kwa mwenye tuktuk. Betri mpya ilinigharimu nusu siku ya kazi na fedha ambazo mtu angetumia kujaza tangi la Noah mara moja na zaidi. Mwulize muuzaji umri wa betri hiyo ndogo, kwa sababu karibu hakuna anayeuliza.

Kuna na kero ndogondogo za gari la Japani ambazo mtu huzizoea. Yangu hunisalimia kwa sauti ya bibi wa Kijapani kila ninapowasha, skrini ya ramani inaamini tuko Osaka, na redio yake haifiki masafa ya juu ya FM ambayo nusu ya stesheni zetu zinatumia, mpaka fundi aongeze kifaa cha kuyashusha. Watoto sasa wanamwitikia yule bibi.

Anayeagiza moja kwa moja kutoka Japani leo ana hali tofauti na yangu. Sheria ya Shirika la Viwango la Kenya haikubali gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo mwaka 2026 linaloingia ni la mwaka 2019 kuendelea, na hizo ni Leaf za kizazi cha pili zenye betri ya 40 au 62. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme matupu ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, lakini ukijumlisha ushuru wa forodha na kodi nyingine bado unatoka bandarini ukiwa mwepesi mfukoni. Hayo ni magari mazuri ambayo yanaweza hata kuwa gari la kwanza la mtu. Ninayoyazungumzia mimi, yale ya zamani yaliyokwisha kuingia nchini na kushuka bei kwa sababu ya visanduku vilivyopotea, ni soko jingine, na ndilo soko ambalo mtu wa kipato cha kawaida mwenye ua na ukuta anaweza kulikaribia.

Mwezi uliopita shemeji yule yule alikuja jioni, akazunguka Leaf mara mbili, akaomba funguo, akaenda nayo hadi Shanzu na kurudi akiwa ametabasamu. Alitaka nimtafutie kama hiyo. Anaishi ghorofa ya tatu huko Tudor, gari lake hulala barabarani mbele ya nyumba ya mtu mwingine, na mita ya stima iko kwenye korido wanayoshiriki wapangaji wanane. Nilikataa kumpa namba ya aliyeniuzia. Aliondoka bila kumaliza chai, na sikumfuata. Juzi amenipigia simu kuniuliza kama mwenye nyumba anaweza kumruhusu kuteremsha waya hadi chini, na fundi wangu angemtoza kiasi gani kwa mita kumi na tano.