Nyota, mkataba na haki ya kukaa pembeni

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, mabaraza ya kahawa ya Unguja hurudi kwenye suala moja ambalo halijapata jibu la kuwaridhisha wote: mchezaji aliyeng'ara kupita thamani ya mkataba wake ana haki ya kukaa pembeni hadi aboreshewe maslahi, au ameshatia saini na linalobaki ni kucheza? Suala hili linatugusa kwa karibu, kwa kuwa kesi kubwa ya aina hiyo katika soka la Tanzania miaka ya karibuni ilimhusu kijana wa Kizanzibari, Feisal Salum Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Fei Toto. Alipitia klabu ya JKU ya Unguja, mwaka 2018 akavuka bahari kujiunga na Yanga, na hazikupita siku nyingi akawa kiungo tegemeo wa klabu hiyo na wa Taifa Stars.

Mwishoni mwa Disemba 2022, mkataba wake ukiwa na muda hadi Mei 2024, Feisal aliaga. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa wakati ule, shilingi milioni 112 ziliingizwa katika akaunti ya klabu, milioni 100 zikiwa za kuvunja mkataba na milioni 12 mshahara wa miezi mitatu. Yanga ilizirudisha. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, iliamua kwamba bado ni mchezaji halali wa Yanga, na ombi lake la kutaka uamuzi huo upitiwe upya likagonga mwamba. Akabaki nje ya uwanja huku wenzake wakisonga hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, waliyoikosa mbele ya USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini, inayompa kombe aliyefunga zaidi ugenini pale jumla ya mabao inapolingana. Mwanzoni mwa Juni 2023, katika hafla ya kuipongeza timu hiyo Ikulu, Rais Samia Suluhu Hassan aliwataka viongozi wa Yanga walimalize suala la Feisal, na mwezi huo huo akahamia Azam.

Wanaosema alishinda wana ushahidi wa kutosha. Katika msimu wake wa kwanza Azam alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu, akazidiwa na Stephane Aziz Ki peke yake, aliyekuwa na 21, na Azam ikamaliza nafasi ya pili na kukata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mtu aliyetabiriwa kwamba miezi ya kukaa bila mechi itamuua kisoka alirudi akiwa bora kuliko alivyoondoka. Hata hivyo, ukiyafuata matukio kwa mpangilio wake, utaona kwamba kila alipokwenda kwenye chombo cha kisheria aliambiwa hapana. Kilichomtoa ni mazungumzo na kauli ya mkuu wa nchi. Njia hiyo haiwezi kupendekezwa kwa mchezaji mwengine yeyote, kwa kuwa ni wachezaji wangapi ambao mgogoro wao utatajwa Ikulu?

Hapa pana hesabu ambayo iliwachanganya wengi. Kama milioni 12 zilikuwa mshahara wa miezi mitatu, basi mshahara wa mwezi ulikuwa milioni nne, na miezi 17 iliyobakia isingezidi milioni 68. Alitoa 112. Kwa akili ya kawaida ya sokoni, mtu aliyelipa zaidi ya kile ambacho angelipwa amemaliza deni na ziada juu. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji hazikupiga hesabu kwa namna hiyo. Kifungu cha 17 kiliruhusu kuangaliwa muda uliobakia, gharama ambazo klabu iliingia kumpata mchezaji, na mshahara wa mkataba uliopo na hata wa mkataba mpya anaoukimbilia. Kifungu cha 16 kinakataza mkataba kuvunjwa na upande mmoja katikati ya msimu. Na kwa mchezaji aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, misimu mitatu ya mwanzo ina ulinzi maalumu ambao anayeuvunja bila sababu ya haki anaweza kufungiwa kucheza. Upande wa mchezaji uliamini fedha zile zinatosha kumuweka huru, wakati klabu ilishikilia kwamba bei ya mchezaji aliye ndani ya mkataba huipanga yenyewe. Mwenye shamba wa Pemba aliyekodisha mikarafuu yake kabla ya msimu, kisha mikarafuu ikabeba kuliko alivyotarajia, hawezi kumrudishia mkodishaji pesa zake na kuingia shambani na pakacha. Anachoweza ni kukaa naye chini, au kusubiri msimu mwengine akodishe kwa bei anayoitaka.

Hoja ya wanaotetea kugoma inapata nguvu zaidi ukivuka hadi Marekani, ambako mtindo huu umezoeleka katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Kule sehemu kubwa ya fedha zinazotajwa katika mikataba haina dhamana, na klabu inaweza kumuacha mchezaji kabla ya muda na kumlipa kile tu kilichodhaminiwa. Mwaka 1993 Emmitt Smith wa Dallas Cowboys alikataa kucheza hadi apewe mkataba mpya. Timu yake, iliyokuwa bingwa mtetezi, ilipoteza mechi mbili za mwanzo, mwenye klabu akasalimu amri, na Smith akarudi na kumaliza msimu akiwa bingwa na mchezaji bora wa ligi. Robo karne baadaye, mwaka 2018, Le'Veon Bell wa Pittsburgh Steelers alisusa msimu mzima na kuacha mezani takriban dola milioni 14.5. Alipata mkataba mwengine New York Jets, wenye dhamana ya dola milioni 35, lakini makali yake hayakurudi na kabla ya miaka miwili kutimia akaachwa. Silaha ni ile ile, matokeo tofauti. Smith alikuwa na timu iliyoshindwa kupumua bila yeye, wakati Pittsburgh ilimtia mwengine katika nafasi ya Bell, akatamba, na maisha yakaendelea.

Katika nchi na michezo ambayo klabu inaweza kumtupa mchezaji siku atakapovunjika goti, mchezaji anayegoma siku ambayo goti ni zima anatumia nafasi pekee aliyonayo, na sioni ubaya wowote hapo. Soka la dunia lilijengwa juu ya msingi mwengine. Mkataba unazibana pande zote mbili: klabu inayomuacha mchezaji bila sababu ya haki inatakiwa kumlipa, na mchezaji anayeondoka bila sababu ya haki anatakiwa kulipa. Kwa hiyo anayesusia mazoezi akiwa na mkataba anadai uhuru ambao yeye mwenyewe asingekubali klabu iwe nao dhidi yake. Hili ndilo linalonifanya nisimame upande wa kanuni katika kesi ya Feisal, ingawa moyo, kama wa Mzanzibari mwengine yeyote, ulikuwa kwake.

Kanuni, lakini, ni jambo moja, na kinachotendeka viwanjani ni jambo jengine. Mchezaji wa klabu ndogo anayeachwa dirisha dogo mara nyingi huambiwa kwa simu, huondoka na begi lake, na fedha za miezi iliyobakia hazitajwi tena. Hana nakala ya mkataba, hana wakili, na hajui kwamba tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA zinamruhusu asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuiandikia klabu, kuipa siku 15, na baada ya hapo kuuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Mkataba unaotakiwa kuwabana wawili kwa hakika unambana mmoja. Shabiki anayepaza sauti kuhusu uaminifu kwa jezi pale nyota anapoondoka huwa kimya pale klabu inapomtoa kijana aliyeitumikia misimu mitano, na ukimya huo unaifanya hoja ya uaminifu iwe nyepesi mno kuitegemea.

Yako madai mengine ambayo hayahitaji kuchambuliwa sana. Kwamba umri wa mpira ni mfupi, hilo halina mpinzani. Kwamba wachezaji wa kigeni hulipwa mara kadhaa zaidi ya wazawa wanaocheza pamoja nao, hilo lilirudiwa mno wakati wa sakata la Feisal, na ni hoja nzuri ya kumtaka bosi aboreshe maslahi, ingawa si sababu inayotambulika ya kuuvunja mkataba. Uzito zaidi uko katika hoja ya wachezaji wenzake. Mwezi Februari 2023 Rais alianza kutoa shilingi milioni tano kwa kila bao katika mechi za Afrika, dau ambalo watu waliliita goli la Mama, na likapanda kadiri Yanga ilivyosonga mbele hadi kufikia milioni 20 katika fainali. Feisal hakuwapo, na ikiwa timu ilipungukiwa na bao moja tu katika mechi mbili za fainali, wenzake walikuwa na haki ya kujiuliza kiungo yule angefanya nini. Kugoma kwa nyota hakumuumizi bosi peke yake, na hasara ya wengine haimo katika mizani ya wanaomshangilia.

Mfano wa karibuni zaidi Ulaya ni wa mshambuliaji Alexander Isak, aliyekataa kuichezea Newcastle katika majira ya joto ya 2025 hadi akauzwa Liverpool kwa paundi milioni 125 siku ya mwisho ya dirisha. Alipata alichotaka, lakini aliingia klabu mpya bila maandalizi ya msimu na ikambidi aanze kuutafuta utimamu wa mwili wakati wenzake wako mbioni. Mchezaji wa kiwango chake anaweza kuimudu gharama hiyo. Kwa anayetoka ligi yetu, miezi miwili bila mechi inatosha kusahauliwa.

Nasema hivyo kwa sababu soko letu lina sura yake. Ligi Kuu ya Zanzibar ina timu nyingi za vikosi vya Serikali, KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo, na wachezaji wao wengi ni waajiriwa wa vikosi hivyo. Mshahara si mkubwa lakini haukatiki ukiumia, na mpira ukiisha kazi ipo. Mchezaji wa aina hiyo akisusa hagombani na klabu, anaingia katika suala la nidhamu ya kazi, na hakuna aliye tayari kupoteza ajira ya Serikali kwa ajili ya ada ya usajili. Ibrahim Bacca alitokea KMKM, akaenda Yanga Januari 2022 na kujipatia nafasi ya kudumu katika ulinzi wa klabu na wa timu ya taifa. Thamani yake ilipanda kwa kucheza, dirisha baada ya dirisha. Wapo watakaosema Bacca ni mpole na Feisal ni jasiri, lakini tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mchezaji anayezidi kupanda kiwango huku muda wa mkataba ukizidi kupungua ndiye anayeogopwa na klabu kuliko yule aliyetoka kambini.

Kwenye timu za kiraia hali ni tete zaidi. Mlandege ilichukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, mara ya pili kwa kuifunga Simba 1-0 katika fainali. Mashindano hayo huchukua wiki mbili hivi za Januari, na ndani ya wiki hizo kijana ambaye Disemba hakuna aliyemjua anaweza kuwa anapigiwa simu na mawakala wa bara. Wakati huo ndipo maneno ya kususa yanapoanza, na ndipo yanapokuwa na thamani ndogo, kwa kuwa jambo la maana lilishafanyika mwanzoni mwa msimu aliposaini karatasi ambayo hakuisoma. Miaka mingapi? Klabu kubwa ikija na ofa, atauzwa kwa kima gani, na sehemu gani ya fedha hizo ni yake? Kiasi cha kuuvunja mkataba kimeandikwa kwa tarakimu, au kimeachwa kwa maelewano ambayo baadaye hakuna atakayeyakumbuka? Kesi ya Feisal isingedumu hata mwezi kama maandishi yangekuwa hayana nafasi ya kusomwa kwa namna mbili.

Kukataa kuongeza mkataba ni jambo jengine kabisa na kuuvunja, na mashabiki wetu huyachanganya. Anayecheza mechi zake zote, akamaliza muda wake na kukataa kalamu mpya hadi apate dau analolitaka, hajamkosea mtu. Kanuni zinamruhusu kusaini kwengine miezi sita ya mwisho, na klabu inayolia kwamba imeachwa bure ilikuwa na misimu miwili ya kumuongezea mshahara. Nyota anayetaka kushindana na klabu yake kwa ujasiri afanye hivyo hapo, na ikibidi avumilie kuzomewa katika viwanja vya Amaan au Gombani kwa miezi hiyo sita.

Kwa upande wa sheria, mambo yenyewe bado yanasogea. Oktoba 2024 Mahkama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la mchezaji wa zamani wa Ufaransa, Lassana Diarra, iliona kwamba baadhi ya kanuni za FIFA zinazomuadhibu mchezaji anayevunja mkataba na klabu inayomchukua zinapingana na sheria za Umoja huo, na FIFA ikalazimika kuweka kanuni za mpito, ikiwemo namna ya kukokotoa fidia. Wachezaji watapata nafasi pana zaidi kuliko aliyokuwa nayo Feisal, na klabu zitatafuta kujilinda kwa vipengele vizito zaidi kwenye karatasi. Kwa ZFF, shirikisho la soka la Zanzibar, na klabu za hapa, hatua ya kwanza haihitaji hata shilingi: hakuna usajili wa Ligi Kuu kupitishwa mpaka mchezaji athibitishe kwa saini kwamba nakala ya mkataba wake anayo mkononi.