Mshika mbili na kinanda chake

Jumapili iliyopita baada ya misa, huku Katuba, Lubumbashi, mzee mmoja wa kwaya, papa kama tunavyomwita hapa, alimwambia kijana wetu wa kinanda: "Mwanangu, chagua. Mshika mbili, moja humponyoka." Kijana anasoma uhandisi chuo kikuu, anatunga nyimbo, na anajifunzia muziki wa Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, kwenye kinanda cha umeme chenye vibonye 61. Piano kamili ina 88.

Papa anampenda, na hoja yake ina uzito. Vidole havipokei udhuru. Saa iliyokwenda kwenye mtihani wa hesabu haikwenda kwenye mazoezi.

Lakini methali ile inasema juu ya vitu vinavyovutana. Je, muziki na hesabu vinavutana?

Kit Armstrong, mpiga piano na mtunzi Mmarekani, alizaliwa Los Angeles mwaka 1992. Akiwa na miaka 5, bila ala ya muziki, alijifunza kutunga kwa kusoma ensaiklopidia. Hapo mimi huwa nasimama: noti zilitangulia vibonye! Mtoto alianza kwa kujua wimbo umejengwaje, vidole vikafuata. Mwaka 2005 marehemu Alfred Brendel, mpiga piano mashuhuri, alianza kumfundisha. Mwaka 2012 akapata shahada ya uzamili ya hisabati huko Paris. Kwa methali ya papa, piano ilipaswa kuwa imeshamponyoka.

Sikiliza basi albamu yake ya 2021, ya muziki wa William Byrd na John Bull. Waingereza hao walikufa 1623 na 1628, piano haijabuniwa bado. Waliandikia vinanda vidogo vya nyuzi visivyo na pedali, ile ya mguu inayoacha sauti ziendelee kulia. Sauti tatu au nne zinapishana, kila moja na njia yake. Ukikanyaga pedali ili kuficha kasoro, zote zinakuwa uji. Mbio za vidole hazikuokoi. Kidole cha nne kinatakiwa kuachia wakati cha tano bado kimeshikilia, na mpigaji ajue kwa nini. Pale sioni tena mpaka kati ya ufundi na ukomavu, na sishangai kwamba anayeziweza sauti hizo ni mtu aliyezoea kutunga na kufuata hoja ndefu hadi mwisho.

Ni kweli, Armstrong alikuwa na walimu na piano ambazo Katuba hatuna. Mkono usiozoea vibonye vizito utachoka mbele ya piano halisi, hata mwenye mkono awe na akili kiasi gani. Ila kosa hilo si la hesabu.

Juzi umeme ulikatika kijana akiwa katikati ya kipande cha Bach cha sauti mbili. Hakusimama. Vidole viliendelea kwenye vibonye vilivyonyamaza, naye akaiimba kwa mdomo sauti ya mkono wa kushoto, polepole, mpaka mwisho. Ukumbi mmoja hapa jirani una piano ya nyuzi, imefungwa kwa kufuli. Papa anafahamiana na mwenye ufunguo. Namwomba akamwombee kijana saa mbili tu kwa wiki.