Sefu nzito au kengele ya umeme? Ubishi wa karne ya 19 ambao mi naona haujaisha

Usiku wa Jumamosi tarehe 4 Februari 1865, pale mtaa wa Cornhill jijini London, duka la sonara mmoja anaitwa John Walker lilikuwa limefungwa lakini taa za gesi zinawaka ndani usiku kucha. Taa hazikusahauliwa, ziliachwa makusudi. Walker alikuwa ameweka matundu kwenye milango ya chuma ya mbele ili askari wa doria akipita achungulie aone sefu imekaa palepale haijaguswa. Ukiusikia huo mpango unaona umekamilika kabisa, sefu iko mwangani, askari anapita kila baada ya dakika chache, sasa mwizi atafanyia wapi kazi yake?

Wezi wakapitia duka la fundi cherehani jirani. Mwenzao mmoja akabaki barabarani, kazi yake ishara tu, askari akikaribia walioko ndani wanaacha kugonga wanajibanza, askari anachungulia, anaona sefu ipo, anaenda zake, wao wanarudi kupigilia kabari kwenye upenyo wa mlango. Kabari ndogo kwanza, halafu kubwa, halafu kubwa zaidi, mpaka mlango ukaachia. Zikaondoka saa na vito vya maelfu ya pauni. Walker akamshtaki Milner aliyetengeneza ile sefu, eti aliuziwa sefu ya kuzuia wezi na wezi hawakuzuilika, na kesi akashindwa.

Naanza na hiki kisa kwa sababu wakati kinatokea, kengele ya umeme ya kukamata wezi ilikuwa na umri wa karibu miaka 12 tayari. Mchungaji mmoja wa Somerville, Massachusetts, Augustus Russell Pope, alipewa hati yake ya ugunduzi Juni 1853. Mwaka 1857 Edwin Holmes wa Boston akanunua haki za ile hati, 1859 akahamia nayo New York. Kwa hiyo swali la "chuma kinene au waya mwembamba" lilishakuwepo, na watu wenye pesa walikuwa wanalijibu kwa mifuko yao. Wengi wakajibu chuma. Je walikosea? Mi nasema walikosea nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo yenye utamu.

Tuanze na upande wa chuma maana mara nyingi tunaudharau. Sefu ina sifa moja ambayo waya hauna, haimtegemei mtu. Haihitaji betri, haihitaji mtu wa kuitika, haichoki saa tisa usiku, haipigi kelele bure kwa sababu panya kapita. Na chuma kinanunua muda, kama mwizi anahitaji saa sita na usiku una saa nane, kazi yake ngumu, ila ukimuongezea unene akahitaji saa kumi basi umeshinda bila kumuamsha mtu yeyote.

Shida ni kwamba hesabu ya hizo saa ilikuwa inafanywa na muuza sefu. Mwaka 1851 kwenye maonyesho makubwa ya London, fundi wa Kimarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli ya kampuni ya Chubb mbele za watu kwa dakika kadhaa tu, halafu akaifuata ile ya Bramah iliyokuwa imekaa dirishani miaka na miaka na zawadi ya gini 200 (pesa ya Uingereza enzi hizo) kwa atakayeiweza. Ilimchukua saa 51 zilizogawanyika kwenye siku 16, lakini akaifungua. Tangu hapo kila aliyeuza kufuli alijua kwamba "haifunguki" maana yake ni "haijapata mtu wake bado". Na wezi hawakukaa kusubiri darasa. Walikuwa na keekee, kabari, baruti ya kumimina kwenye upenyo wa mlango, baadaye nitrogliserini. Fundi anaongeza unene, mwizi anaongeza nguvu, na hiyo mbio ilikuwa haina mwisho. Ukiiangalia vizuri, sefu yoyote peke yake ni ahadi ya muda, na usiku wa Jumamosi kuamkia Jumatatu ni muda mrefu sana aisee.

Sasa upande wa kengele. Kifaa cha Pope chenyewe ni chepesi kukielewa. Chukua mlango, weka kipande cha chuma kwenye fremu na kingine kwenye mlango, mlango ukifungwa havigusani. Ukifunguliwa vinagusana, umeme unapita kwenye waya unafika kwenye sumaku-umeme, sumaku inavuta kinyundo kinagonga kengele, kinapovutwa kinakata saketi, yaani njia ya umeme, kinarudi, saketi inaunga tena, kinavutwa tena, trrrrr mpaka betri iishe au mtu aje. Kengele ya mlangoni ya kizamani ni ndugu yake wa damu.

Umeshaona kasoro? Saketi ya namna hii imelala muda wote, inaamka mlango ukifunguliwa. Mwizi akijua waya unapita wapi anachukua mkasi anakata, basi, kimya. Kengele iliyokatwa na kengele isiyo na tatizo zinafanana kabisa, zote zimenyamaza! Yaani unalala usingizi mnono ukiamini uko salama kumbe ulikuwa salama zaidi ulipokuwa huna kitu, maana angalau ungekuwa na wasiwasi.

Dawa yake ikawa kuigeuza saketi. Umeme upite muda wote, usiku kucha, na ukikatika ndipo kengele ilie. Hapo mkasi unakuwa adui wa mwizi mwenyewe. Mi naona huu ndio ubunifu mkubwa kuliko ile kengele yenyewe, sema watu hawausemi kwa sababu hauna jina la mtu mmoja. Lakini una gharama yake. Umeme wa kupita saa zote unakula betri, na betri za enzi hizo hazikuwa za kununua dukani na kuchomeka. Ilikuwa mitungi ya kioo yenye maji, shaba chini kwenye mrututu wa bluu, zinki imening'inizwa juu, na lazima awepo mtu wa kuongeza maji, kutia mrututu na kubadilisha zinki ikiliwa. Zile betri za Leclanché zilizokuja miaka ya 1860, ambazo usumbufu wake ulikuwa mdogo, zenyewe zinachoka haraka ukizifanyisha kazi mfululizo, zinafaa kwa kengele iliyolala tu. Kwa hiyo ulinzi bora ulitaka betri yenye kazi nyingi, na betri rahisi ilikupa ulinzi hafifu. Mwenye duka mdogo unadhani alichagua ipi.

Kwa sefu zenyewe walikwenda mbali zaidi, na hapa ndipo mi huwa navutiwa. Badala ya kuweka waya mlangoni tu, waliijengea sefu kabati la mbao, sefu nzima inakaa ndani, na kwenye kuta za kabati wakaficha tabaka za karatasi ya bati au nyaya zilizobanana, pande zote, juu na nyuma. Ukitoboa popote, keekee inagusisha tabaka mbili au inakata waya, taarifa inaondoka. Hilo kabati halina nguvu yoyote, teke tu unalivunja, na ndio uzuri wake, haliko pale kuzuia. Mtu wa chuma akiliona anacheka, mwizi mzoefu akiliona hacheki.

Na lilijibu tatizo ambalo mlango mnene hauwezi kulijibu. Novemba 1869 benki ya Boylston pale Boston iliibiwa na watu ambao hata mlango hawakuugusa. Adam Worth na mwenzake Charley Bullard walipanga jengo la pembeni, wakajifanya wanauza dawa za chupa za kuongeza nguvu, na nyuma ya hizo chupa wakawa wanachimba ukuta kwa ukuta mpaka chumba cha hazina. Unaweka mlango wa tani ngapi kuzuia mtu anayetokea ukutani?

Sasa mpaka hapa nimeisifia kengele, ila nusu ya pili ya hadithi haipendezi. Kengele inaita. Haifanyi kingine chochote. Swali ni inamwita nani. Kengele inayolia pale pale dukani inategemea mtu wa karibu aamke, avae, ashuke, apate ujasiri. Mtaani kwetu kuna gari alamu yake inalia karibu kila wiki usiku, siku za mwanzo tulitoka na tochi, sasa hivi tunageuka upande wa pili tu tunavuta shuka. Miaka ya 1860 watu walikuwa watu vilevile. Na mitaa ya mabenki na masonara usiku inakuwa tupu, hakuna anayelala kule, kwa hiyo kengele inapigia kuta.

Hapo ndipo Holmes alipokuja kuwa mfanyabiashara mkubwa. Alihamisha kengele kutoka alipo mwizi akaipeleka alipo mtu aliyelipwa kukaa macho. Nyaya za wateja zikavutwa juu ya mapaa mpaka kwenye ofisi moja ya kati, pale kuna ubao, kila mteja na alama yake, alama ikidondoka wanajua ni nani na watu wanatumwa. Mwizi hasikii chochote anaendelea kutoboa kwa amani. Waya wenyewe wa kufanyia hiyo kazi ulikuwa shida kuupata, inasimuliwa Holmes alienda kwa watu waliokuwa wanafunika nyaya za zile sketi pana za akina mama akawaambia nifunikieni wa kwangu hivyohivyo. Mtandao wenyewe ukawa wa maana kiasi kwamba Mei 1877 mwanae, Edwin T. Holmes, alifungia simu za Bell kwenye nyaya zilezile za Boston, wateja wakiwemo mabenki, mchana simu, usiku zinarudi kuwa alamu.

Makampuni ya ulinzi ya Nairobi na Dar yenye kitufe cha dharura na gari la kukimbilia yanauza kitu hichohicho mpaka leo. Unachonunua ni mtu wa upande wa pili aliye macho.

Na hapo hapo ndipo kengele inaponyongeka. Ukishasema ulinzi wako ni mtu, umekubali na mapungufu yote ya mtu. Anasinzia, anazoea, ameitwa mara kumi kwa waya uliolegea kwa upepo, mara ya kumi na moja anatembea badala ya kukimbia. Halafu ananunulika. Oktoba 1878 Manhattan Savings Institution ya New York iliibiwa hati na pesa za kama dola milioni 2.7, moja ya wizi mkubwa kabisa wa benki karne ile, japo sehemu kubwa zilikuwa hati zilizosajiliwa kwa jina la mwenyewe, ambazo mwizi hawezi kuziuza kirahisi. Njia ya kuingia iliandaliwa na nani? Na mlinzi wa benki yenyewe, Patrick Shevlin, aliyekuja kukiri baadaye. Kikulacho ki nguoni mwako, wala huhitaji keekee.

Wapo wanaosema waya ungemshinda hata Shevlin kwa sababu ofisi ya kati iko nje ya benki, mtu wa ndani haigusi. Hoja nzuri, naikubali kwa sehemu, maana ofisi ya kati inajua benki inatakiwa kufungwa saa ngapi na kufunguliwa saa ngapi, ikifunguliwa Jumapili alfajiri wanauliza. Na walikuwa na namna ya kuushika hata ule ujanja wa mwizi fundi anayeunga waya wake pembeni ili umeme uonekane unapita, waliweka kipimo chenye mshale, umeme ukibadilika hata kidogo mshale unahama. Lakini mtu wa ndani anajua waya unapita wapi, anajua fundi alikuja lini, anajua nani yuko zamu. Umepunguza idadi ya watu wa kununua, hujaifuta.

Chuma nacho kina ugonjwa unaofanana na huo, anayejua namba za kufungulia. Januari 1876 huko Northampton, Massachusetts, wezi waliofunika nyuso waliingia usiku nyumbani kwa keshia John Whittelsey, wakawafunga watu wa nyumba ile, wakamtesa awape namba za chumba cha hazina. Akawapa za uongo. Wakaziandika, halafu wakamwambia hebu zirudie. Hakuweza kuzirudia sawasawa, wakajua, mateso yakaendelea mpaka akatoa za kweli. Wakaondoka na hati na pesa zaidi ya dola milioni 1. Unene wa mlango ulisaidia nini hapo? Ulisaidia kumuumiza keshia.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, benki ya katikati ya New York au Boston iliyokataa waya ikaongeza inchi za chuma ilikosea, tena vibaya, maana ofisi ya kati ilikuwa mita mia kadhaa tu na watu wapo. Ila wanaosema kengele ilikuwa jibu la kila mtu wanasahau hesabu ya umbali. Ofisi ya kati inalipa pale wateja wamebanana mtaa kwa mtaa, waya mfupi, mtu anafika kabla kazi haijaisha. Mji mdogo hauna hiyo ofisi na hakuna atakayeijenga kwa ajili ya benki moja.

Ndio maana sishangai kwamba kufuli ya saa ya James Sargent, ile ambayo hata mwenye namba hawezi kufungua mpaka muda ufike, ilifungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1874 kwenye benki ya Morrison, Illinois, mji ambao wengi wenu hamjawahi kuusikia. Mashine mbili za saa ndani ya mlango, moja ikisimama nyingine inafungua. Keshia akiburutwa usiku wa manane anaweza kusema ukweli mtupu, namba zote, kwa mpangilio, na mlango haumsikii. Kengele pale Morrison ingempigia nani?