ADHD ya Ami na ADHD ya Binti Yake

Ami yangu ni nahodha wa mashua hapa Lamu. Tangu nipate akili sijamwona akamaliza kikombe cha kahawa akiwa amekaa. Hukianza barazani, akakumbuka kamba, akateremka gatini, kahawa ikapoa. Watu wa mtaani husema, "Yule kitwa chake hakitulii," na maneno yakaishia hapo. Binti yake amerithi kichwa hicho hicho. Yeye anafanya kazi ya hesabu katika ofisi moja ng'ambo, Mokowe, na baada ya barua ya tatu ya onyo alifunga safari hadi Mombasa kuonana na daktari wa akili. Akarudi na jina la hali yake: ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu, kiwango cha kati.

Aliposomewa maelezo, ami alisema bila kusita, "Basi hata mimi ninayo." Naamini anayo. Ndipo swali likanikaa: ikiwa baba na binti wana kitu kimoja, mbona mmoja ameishi nacho miaka sitini bila kuitwa mgonjwa, na mwingine nusura kimfukuzishe kazi?

Jibu linalopendwa barazani ni kwamba shida ni ofisi. Baharini kila dakika ina jambo lake: upepo umegeuka, maji yanakupwa, fungu la mchanga liko mbele, abiria wanaita. Kosa hujulikana papo hapo, na malipo huja mkononi siku ile ile. Kichwa kinachorukaruka hupata pa kutua. Ofisini, faili ni lile lile kuanzia asubuhi, na kosa la leo litaonekana mwisho wa mwezi. Kwa hoja hii, ukali hauko ndani ya mtu, uko katika kazi aliyopewa.

Hoja hii haikuzuka tu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la 2013, umeorodhesha dalili 18 katika makundi mawili ya tisa tisa. Mtu wa miaka 17 au zaidi huhitaji tano katika kundi moja, ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini. Baada ya hapo daktari huchagua kiwango: hafifu, cha kati au kikali. Ukali wenyewe unaweza kutokana na wingi wa dalili, au uzito wa baadhi yake, au kiasi ambacho maisha yameharibika. Hilo "au" ni kubwa. Watu wawili wenye dalili sawasawa wanaweza kutoka na viwango tofauti kwa sababu maisha yao hayafanani.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo, kwa sababu namjua kijana mmoja wa Langoni. Huyo alipelekwa baharini pia. Siku moja mashua ilimzimikia katikati ya mkondo, abiria wamo ndani, kwa kusahau kutia mafuta, na wiki iliyofuata akarudia. Akapelekwa Matondoni ajifunze kuunda vyombo. Hakumaliza mwezi, akagombana na fundi. Dukani, shambani, kote yalikuwa yale yale. Kumwambia kijana kama huyu kwamba hajapata kazi inayomfaa ni kumwonea.

Sayansi nayo inamtetea. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika dalili hizi inahusiana na urithi, na urithi wenyewe si wa jeni moja bali wa jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Ni kama urefu wa kimo: hakuna mahali mtu mfupi anapoishia na mrefu anapoanza, lakini mrefu sana ataonekana tu, hata umvike nini.

Tena wapo wanaodhani kwamba maisha tulivu hutuliza dalili; hilo nalo lina doa. Marekani kuna utafiti ulioanza miaka ya 1990 kwa watoto 579 wenye ADHD, wakafuatiliwa hadi utu uzima. Ripoti ya 2022 ilionyesha kwamba takriban asilimia 64 walikuwa wakipata nafuu kisha dalili zikirudi, na ni karibu mmoja tu katika kumi aliyepona akabaki amepona. Ripoti iliyofuata, ya 2024, ikakuta kwamba vipindi vya nafuu viliambatana na majukumu mengi zaidi, si machache. Huenda majukumu humshika mtu, au huenda mtu akipata nafuu ndipo huyakubali. Kwa vyovyote, kiwango kilichoandikwa mwaka huu si cha maisha. Ami mwenyewe huwa mgumu zaidi wakati wa kusi, bahari ikichafuka na mashua ikifungwa.

Wakati huo ndio miraa huzidi. Ndani ya miraa kuna kemikali iitwayo kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini, na amfetamini ni miongoni mwa dawa zinazotumika kutibu ADHD. Sishangai basi kuona wanaume wa pwani hii wakisema kwamba wakitafuna ndipo akili hukaa sawa. Lakini miraa haina kipimo na hula usingizi, na kukosa usingizi peke yake hutosha kuvuruga umakini wa mtu mzima yeyote. Daktari asiyeuliza habari ya miraa na usingizi anaweza kuandika ukali usiokuwapo, au akaukosa uliopo.

Kilichonibadilisha mawazo ni daftari la mke wa ami. Ni daftari la shule, jalada limechakaa, na ndani yake mna kila kitu: nani hajalipa nauli, leseni inaisha lini, injini ipelekwe kwa fundi tarehe gani, dawa ya presha inanunuliwa wapi. Mwaka jana alikwenda Malindi wiki sita kumuuguza dada yake. Huku nyuma leseni ikaisha, mashua ikazuiwa, ami akalipa deni moja mara mbili na jingine akalisahau kabisa, akawa hapati usingizi. Mkewe aliporudi alikaa na lile daftari usiku kucha. Kisha akaniambia, "Mimi nikifa ndipo mtamwita mgonjwa."

Kwa hiyo ADHD ya ami haikuwa hafifu. Ilikuwa na wabebaji wawili, na mmoja wao hakuhesabiwa. Binti yake hana wa kumshikia daftari. Kinyume chake, ni mwanamke, na nyumba nzima inamtarajia yeye awashikie wengine. Utotoni wavulana hugunduliwa zaidi kuliko wasichana, lakini kwa watu wazima pengo hupungua. Nadhani sehemu ya sababu ni hii: wanawake wengi hawajui wana nini mpaka mzigo wa kukumbuka uwaangukie.

Kuna wanaoniambia kwamba nikihesabu hivyo, nusu ya waume wa Lamu watakuwa wagonjwa. Hofu hiyo naiheshimu. Makadirio ya kawaida ni asilimia kama mbili na nusu tu ya watu wazima, na kuzoea kufanyiwa kila kitu si ADHD. Ndiyo maana historia ya utotoni lazima iulizwe. Lakini hata dodoso fupi la maswali sita lililotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, toleo la 2017, linauliza ni mara ngapi unategemea wengine wakupangie maisha yako. Kwangu hilo ndilo swali zito kuliko yote, na lingefaa kuulizwa mke pia, si mume peke yake.

Binti sasa anatumia methilifenidati, dawa ya kutibu ADHD. Anasema inamsaidia kukaa na faili, ila haimkumbushi kulipa stima. Ijumaa baada ya Alasiri huvuka kuja kisiwani, akakaa na mamake barazani, daftari mbili mbele yao. Ami hupita akiwa na kikombe, akauliza wanafanya nini, akaondoka kabla hajajibiwa.