Boti za makasia: tulinde mbao au tulinde mafundi?

Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna boti iitwayo Treffry iliyoundwa mwaka 1838. Mpaka leo inaingia majini na watu wanaivuta kwa makasia. Ni mali ya klabu ya mji wa Newquay, na ndiyo kipimo cha boti zote za aina yake, zile wanazoziita gig. Anayetaka kuunda gig mpya ya mashindano sharti aifuate hiyo ya 1838: urefu mita 9.75, upana mita 1.47, wavuta makasia sita na mshika usukani mmoja, mbao za mti wa elm. Chama cha mchezo huo, kilichoanzishwa 1986, huipima boti ingali mikononi mwa fundi. Isipotimiza vipimo, haishindani.

Scotland wakashika njia nyingine. Makumbusho ya uvuvi ya mji wa Anstruther yalimpa kazi msanifu wa boti Iain Oughtred achore chombo cha makasia manne ambacho hata mtu asiyewahi kushika randa angeweza kukiunda. Umbo alilitoa kwenye boti za zamani za kisiwa cha Fair Isle. Boti ya kwanza ilishuka majini 2009, na aina hiyo ya boti ikaitwa St Ayles. Ina urefu wa mita 6.7, na huuzwa ikiwa vipande vya plywood vilivyokwisha kukatwa. Watu wa mji hutafuta ghala au ukumbi, wakashinda jioni na wikendi zao humo wakipanga mbao ubavuni na kuzigandisha kwa gundi ya epoksi, mpaka chombo kisimame.

Pande zote mbili wanasema wanaokoa boti ya asili, na wote wanavuta makasia kwa kujifurahisha. Nani ameiokoa kweli? Naliuliza swali hili kwa sababu nalo linakuja pwani yetu na kwenye maziwa yetu, na tukichelewa kulijibu tutajibiwa na wauza boti.

Tuanze na Cornwall, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyosikika. Gig ilikuwa chombo cha kazi. Meli ilipoonekana ikitokea baharini, boti hizi zilitoka mbio kumpeleka rubani wa kuiongoza meli bandarini, na aliyefika kwanza ndiye aliyepata ujira. Kwa hiyo kila kitu ndani yake kilitafuta mwendo: ubavu wa mbao zenye unene wa milimita 6 hivi, mwili mrefu mwembamba, uzito mdogo. Mbao hiyo nyembamba hupinda kidogo mawimbi yanapoigonga. Ukiweka kitu kingine mahali pake, wanasema, unapata boti inayofanana na gig kwa macho lakini majini haina mwenendo wake. Na kanuni yao imefanya jambo ambalo hotuba za utamaduni hazijawahi kufanya: imewalipa mafundi. Kila klabu inayotaka kushindana lazima iagize boti ya mbao kwa fundi anayejua kazi, na fundi mwenye oda huwa na sababu ya kumfundisha kijana. Tangu 1990 kuna mashindano ya dunia ya gig katika visiwa vya Scilly, na siku hizi boti zinazojitokeza hupita mia moja. Zote hizo ziliundwa na mikono ya watu.

Kasoro iko kwenye mti wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa wa ukungu unaosambazwa na mbawakavu uliteketeza mamilioni ya miti ya elm nchini Uingereza. Kupata gogo refu, safi, lisilo na fundo ni shida, na boti ya mkono namna hiyo haiwezi kuwa rahisi. Klabu changa huchangisha fedha muda mrefu kabla ya kuagiza. Ndiyo maana hata huko klabu nyingi hufanyia mazoezi kwenye gig za fiberglass, na ile ya mbao hutunzwa kwa siku ya mashindano. Kanuni inalinda boti, lakini inaweka kizingiti mlangoni kwa mtu asiye na kitu.

Kizingiti hicho ndicho Scotland walichokiondoa. Waliwakumbuka wachimba makaa ya mawe na wavuvi wa pwani ambao zamani walishindana kwa boti walizojiundia, mchezo ukafifia katikati ya karne ya 20. Plywood iliurudisha kwa kasi. Mwaka 2013 mji mdogo wa Ullapool uliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya St Ayles, na 2022 yakafanyika Uholanzi. Kuna makundi ya waliovuka miaka 40, 50 na 60, na wanawake wamejaa tele. Mama aliyepiga msasa ubao kwa mkono wake hahitaji kubembelezwa aende mazoezini.

Kuna la kuwalaumu pia. Boti moja ikienea kila ghuba, maumbo ya mahali husika hukosa wa kuyaunda. Visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, wamebaki na yoal zao, boti za makasia za huko, kwa sababu walizishikilia wenyewe. Tena anayeunganisha vipande vilivyokatwa kwa mashine hajajifunza kulitazama gogo na kuona ubao uliomo ndani yake. Huo ni ujuzi mwingine, na hauuzwi kwenye furushi. (Halafu plywood ya baharini mara nyingi hutokana na okoume, mti wa Gabon na jirani zake. Boti ya Fair Isle inavaa ngozi ya msitu wa Afrika.)

Hata hivyo, mimi naegemea Scotland, na sababu yangu inaanzia Lamu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 hivi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, ubavuni limevikwa vipande vya ndala. Mwaka uliofuata lilisafiri mpaka Zanzibar. Ni chombo cha tanga, najua, lakini tazama kilivyoundwa: mkuku, mataruma na mbao za plastiki vilikatwa na kuungwa kwa ufundi wa majahazi. Malighafi ilibadilika na ufundi haukuondoka Lamu.

Boti ya fiberglass iliyotoka kwenye kalibu ya kiwandani ni habari nyingine. Kwa mvuvi sina ubishi nayo: haihitaji kukalafatiwa, haitobolewi na wadudu wa baharini, inabeba injini. Serikali ya Tanzania imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za namna hiyo, na si haki kumtaka mtu ahatarishe maisha yake ili sisi tupate picha nzuri ya mtumbwi. Ila kazi ikihamia huko, mtumbwi wa gogo la mwembe na mafundi wake watakula wapi? Burudani na michezo ndivyo vinavyoweza kuwalisha, na hapo tunazembea. Hoteli ya ufukweni inamkodishia mgeni kayak ya plastiki iliyotoka ng'ambo, na hatua mia kutoka hapo kuna fundi mwenye tezo asiye na oda. Mida Creek, karibu na Watamu, wageni hupelekwa mikokoni kwa mtumbwi, na hawalalamiki. Kanda ya Ziwa kumekuwa na mashindano ya mitumbwi yenye timu za wanaume na za wanawake, na watu hujaa ufukweni kushangilia.

Kama kuna manispaa, hoteli au chama kinachofikiria klabu ya makasia, ningekitaka kiweke masharti matatu. Umbo litoke kwenye chombo cha mahali hapo: dau la Pemba kwa Pemba, mtumbwi wa Ukerewe kwa Ukerewe. Chombo kiundwe na kitengenezwe na fundi wa hapo, wanachama wakimsaidia kwa mikono yao, ili kikipasuka wajue pa kuanzia. Na maboya ya kujiokolea yawemo kwa kila mtu, awe anajua kuogelea au hajui. Kuhusu mbao, plywood au plastiki, waamue kwa bei na kwa hali ya miti. Miembe mikubwa ya kutosha mtumbwi haioti kwa msimu mmoja, na inayobaki ina wenyewe wanaokula matunda yake. Makasia yaachwe huru kabisa. Scotland walibana vipimo vya boti wakayaachia makasia, na klabu zao hujaribu mbao, urefu na mizani ya aina zote. Kijana asiyeweza kuunda mtumbwi leo anaweza kuchonga kasia kesho, na fundi atamwonyesha alipokosea.